Longonot Si Mlima wa Baada ya Chai

Mgeni akilala Naivasha na watoto wake, hamalizi kifungua kinywa kabla hajashauriwa apande Longonot. Mhudumu wa hoteli atamwambia, dereva atamwambia, shemeji aliyewahi kwenda enzi za chuo atamwambia kwa simu: mlima wenyewe ni mdogo, uko hapo tu, gharama yake si kitu, siku moja inatosha na jioni mtakuwa mmerudi mjini mnakula samaki. Watoto watafurahi, tena watajifunza uvumilivu. Mwenyeji wa mji naye akikiri kwamba hajawahi kuupanda, hutazamwa kama mtu aliyezeeka Lamu bila kupanda mashua.

Rai hii ina mashiko, na haifai kuipinga kabla ya kuipa haki yake. Longonot una urefu wa mita 2,776, kwa hiyo hauhitaji kamba, hema wala siku za kuzoea hewa nyepesi. Hifadhi yake, iliyotangazwa mwaka 1983, ina kilomita za mraba 52 tu. Njia inaonekana na si rahisi mtu kupotea. Ukifika ukingoni, upande mmoja unaona Ziwa Naivasha, upande wa pili shimo la kasoko lililofunikwa na msitu, na hayo yote kwa jasho la asubuhi moja. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni safari ya siku nyingi na fedha nyingi zaidi. Mlima Kenya, mita 5,199, baridi yake si ya kuchezea. Mbele ya wakubwa hao, Longonot ni mlima mwema. Wanaousifu hawadanganyi. Kosa lao ni kuupima kwa miguu ya kijana wa miaka 22 aliyebeba chupa moja ya maji, kisha wakampa kipimo hicho mama wa watoto watatu kana kwamba kilishonwa kwa ajili yake.

Kwanza: udogo wa mlima

Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Mpaka urudi langoni kwa njia uliyopandia, umetembea zaidi ya kilomita 13. Umepanda zaidi ya mita 600 na kuzishuka zote, na hapo hatujahesabu mabonde ya ukingoni, maana ukingo haukusawazishwa: unashuka, unapanda, unashuka tena kabla ya kilele chenyewe. Njia ni ya majivu ya volkano. Kiangazi majivu hayo huwa vumbi laini linalokimbia chini ya kiatu. Masika maji hupita humohumo yakaichimba njia ikawa mifereji yenye kuta, na mtu mzima hulazimika kutanua miguu, mmoja ukuta huu na mwingine ukuta ule, ili asiteleze. Baba anapotanua miguu akapita, mtoto wa miaka 6 anatambaa kwa mikono. Njia ni moja, ila wawili hao hawapandi mlima mmoja.

Hapa ndipo rai inapojikanyaga. Mtu yuleyule aliyesema "ni kilima tu" ndiye anayepiga picha kileleni ameinua mikono juu, na picha hiyo atairusha kwenye kundi la ukoo kabla hajashuka. Kama ni kilima tu, ushindi ni wa nini? Na kama ni ushindi, kwa nini dada yake aliyeuliza kuhusu kumpeleka mtoto wa miaka 4 alijibiwa kwamba hakuna shida? Mlima hauwezi kuwa mdogo wakati wa kushauri na mkubwa wakati wa kujisifu. Achague moja, akae nalo.

Pili: hesabu ya siku moja

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kijana mwepesi huumaliza mzunguko wote kwa saa nne au tano, akakaa chini kunywa soda. Sasa tuichukue familia isiyo na gari, kwa kuwa ndiyo hali ya wengi mjini Naivasha. Watoto wameamshwa saa kumi na moja. Mmoja hataki uji, mwingine soksi yake moja haionekani. Saa moja wako steji, matatu ya Mai Mahiu inangoja ijae. Saa mbili kasorobo wanashuka Longonot, kile kituo cha barabarani, na kutoka hapo ni bodaboda hadi langoni. Malipo hupitia eCitizen, noti hazipokelewi, na simu inahangaika na mtandao. Wakianza kupanda saa mbili na nusu wamejitahidi sana. Ukingoni wanafika saa tano, kwa sababu kitinda mimba ameketi chini kila baada ya kona.

Kuzunguka kwa mwendo huo ni saa nne nyingine au zaidi, na katikati yake iko saa sita. Longonot uko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta. Saa hiyo jua liko utosini, na vichaka vya leleshwa havina kivuli cha kumtosha hata mbuzi. Mlimani hakuna bomba wala chemchemi. Wanarudi walipoanzia mzunguko saa tisa na nusu, magoti yamechoka, na bado kuna kushuka kwenye vumbi, ambako ndiko watu huanguka zaidi kuliko kupanda. Saa kumi na moja wako langoni, wanasubiri bodaboda. Matatu zinazotoka Mai Mahiu zinapita zimejaa. Wanaingia Naivasha gizani, wamembeba mmoja amelala na mwingine analia.

Hii ni siku ambayo mambo yote yamekwenda sawa. Hakuna aliyetegua kifundo cha mguu, hakuna aliyeumwa tumbo, mvua haikunyesha. Mwezi Aprili au Novemba mvua ya alasiri haiombi ruhusa. Nchi hii ya Bonde la Ufa imeshaonyesha mara kadhaa jinsi matembezi ya "hapo tu" yanavyogeuka: mwaka 2012, na tena 2019, mafuriko ya ghafla yaliwasomba na kuwaua watu kwenye korongo la Hell's Gate, mbuga jirani kabisa, nao walikuwa wamekwenda kutembea kwa siku moja. Mlima si korongo, najua. Lakini fikra iliyowapeleka watu korongoni bila kutazama mawingu ndiyo hiyo hiyo inayowapeleka ukingoni saa tano wakitegemea jua liwaonee huruma.

Tatu: unafuu

Ada ya langoni kwa raia ni ndogo ukiilinganisha na ya mgeni wa nje, na hapo ndipo watetezi wanapofungia hesabu. Lakini ada hutozwa kwa kichwa, na familia ina vichwa vingi. Bodaboda huchukua kwa kichwa. Matatu vilevile, isipokuwa mtoto akae mapajani, na mtoto wa miaka 9 mapajani ni adhabu kwa wote wawili. Anayetoka na gari lake akiwa na marafiki wawili hugawana nao mafuta; baba hagawani na mtu.

Fedha si kitu mbele ya maji. Ushauri wa kawaida ni lita mbili kwa kila mtu. Familia ya watu watano inahitaji lita kumi, nazo ni kilo kumi kabla hujaweka chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, sweta na nepi. Mtoto wa miaka 6 atabeba chupa yake hadi kona ya pili, kisha ataikabidhi. Mtoto wa miaka 3 habebi kitu. Yeye mwenyewe ndiye mzigo, kilo 14 hivi, na kama mtoto yeyote wa umri huo atakataa kutembea mapema sana. Kwa hiyo wazazi wawili wanapanda na kilo 24 na ushei za vitu na watu juu ya majivu yanayoteleza, huku wakiambiwa haya ni mapumziko. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita bonde hili katika safari yake ya 1883 na 1884 akaupanda mlima huu na kustaajabia kasoko lake, alisafiri na msafara mzima wa wapagazi kutoka Zanzibar na pwani. Hakuna aliyemwambia ni matembezi ya familia, na familia hakuja nayo.

Tena kazi haianzii langoni. Inaanza Ijumaa usiku jikoni, na aghalabu mtu mmoja ndiye anayeifanya: anachemsha mayai, anapika chapati za kesho, anajaza chupa, anatafuta kofia, anakumbuka dawa ya pumu. Asubuhi mwenzake anauliza kama kila kitu kiko tayari. Jioni huyo mmoja anarudi, anaogesha watoto, anakung'uta viatu, anafua nguo zilizogeuka rangi ya njia. Unafuu wa siku hiyo umelipwa na mgongo ambao haukutajwa kwenye hesabu, na mwenye mgongo huo ndiye huonekana nyuma kabisa kwenye picha, kama alionekana.

Nne: uvumilivu

Watetezi wakizidiwa kwa hesabu, hukimbilia malezi. Mlima, wanasema, hufundisha mtoto kutokata tamaa. Nakubali kwamba ugumu hufundisha. Nauliza tu: unamfundisha nini mtoto aliyefika kileleni mabegani mwa baba? Amejifunza kwamba akilia kwa muda wa kutosha atabebwa, na hilo alilijua tangu nyumbani. Na yule aliyeburutwa kwa mkono, akaahidiwa soda, akatishiwa kuachwa, akafika hajui amefika, huyo amejifunza kwamba milima ni mahali ambapo watu wazima hukasirika. Kama kuna njia ya kumfanya mtoto wa Kenya aichukie nchi yake iliyo juu ya mita 2,000, ndiyo hii.

Nao umoja wa familia, sababu ya pili ya malezi, mtautafuta wapi? Baba na kifungua mimba wametangulia nusu kilomita kwa sababu kijana ana nguvu na hataki kungoja. Mama na kitinda mimba wako nyuma, wanahesabu mawe. Wa katikati hajui awe wapi. Siku iliyotangazwa kuwa ya kuwa pamoja imewatenga tangu kona ya tatu, na wanakutana tena kwenye picha. Hili nalo ni la kujiuliza: matembezi yenye lengo moja la juu, kilele, humpa ukuu aliye na kasi, na kumfanya aliye polepole kuwa tatizo la wengine. Katika familia aliye polepole si bahati mbaya. Yupo kila mara, ndiye mdogo au ndiye bibi.

Nitajibiwa kwamba watoto wa wafugaji hapo chini ya mlima hutembea kilomita nyingi kuliko hizo kila siku bila kulia. Ni kweli, nao hawatembei mchana wa saa sita ukingoni mwa kasoko kwa ajili ya picha. Wanatembea kwa mwendo wa mifugo, wanapumzika chini ya mti mifugo inapopumzika, wamezoea hatua kwa hatua tangu wakiwa wadogo. Kumlinganisha nao mtoto anayekwenda shule kwa basi kisha kumpa kilomita 13 siku moja ni kuchukua matokeo ya miaka na kuyadai kwa asubuhi.

Nitajibiwa pia kwamba mbona watoto wengi wamefika. Wamefika, na picha zao tumeziona. Waliogeukia njiani hakuna aliyewapiga picha, wala hatutasoma habari zao. Ushahidi unaokusanywa kileleni peke yake utasema daima kwamba kila mtu hufika.

Tano: mwenyeji asiyethamini

Hii ndiyo hoja inayoudhi zaidi, na ndiyo nyepesi zaidi. Inasema watu wa Naivasha wamekaa chini ya mlima maisha yao yote na hawaupandi. Kwa hiyo hawana mapenzi ya utalii wa ndani, wanasubiri Mzungu awaonyeshe nchi yao. Lakini mji wa Naivasha unaishi kwa maua. Maelfu ya wakazi wake hukata, hupanga na kufunga waridi zinazosafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Wengi wao wana siku moja ya mapumziko kwa wiki, na siku hiyo ni ya kufua, kanisani, sokoni na kulala. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu, ile inayotajwa kuwa bora ya kupanda mlima. Ndiyo pia miezi ambayo mashamba yanakimbizana na tarehe 14 Februari, saa za ziada zinaongezwa, na mtu anarudi nyumbani ameinama. Kumwambia mfanyakazi huyo kwamba hathamini mandhari kwa sababu hakutumia siku yake ya pekee kupanda mita 600 ni dharau iliyovishwa uzalendo.

Kuna swali ambalo washauri wa mlima hawaliulizi kamwe. Naivasha ni mji wa ziwa. Kwa nini basi familia ya mji wa ziwa, ikitaka kupumzika, inaelekezwa juu ya mlima mkavu usio na maji? Piteni barabara ya Moi South Lake mjionee. Kilomita baada ya kilomita upande wa ziwa ni ua wa michongoma, mageti yenye walinzi, nyumba za plastiki za maua, vibao vya hoteli, tena ua. Maji yenyewe unayaona kwa kuchungulia. Mahali pa umma pa kufikia ufuo ni pachache, kama Karagita na Kamere, na pale kuna wavuvi, wauza samaki, ng'ombe waliokuja kunywa maji, viboko karibu, na hakuna bustani wala choo cha kutosha familia iliyokuja na kikapu. Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda na kuzimeza nyumba za watu wa mtaa wa Kihoto, na mwaka 2025 likazirudia. Waliobaki na ufuo ni wale waliokuwa na ekari za kurudi nyuma.

Hali ikiwa hiyo, mlima unakuwa jibu rahisi mno. Ziwa limezungushiwa ua, basi mwambie mtu apande Longonot, na akishindwa useme ni uvivu wake. Hakuna kiongozi atakayeulizwa kwa nini mji wenye ziwa la maji baridi lililotambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar mwaka 1995 hauna ufuo ambako bibi anaweza kuketi kwenye nyasi bila kununua soda ya hoteli. Hoteli haina sababu ya kuuliza, maana nyasi ni zake. Mtalii wa Nairobi hajui kama kuna la kuuliza. Hata shirika la wanyamapori, KWS, linalousimamia mlima, halina mamlaka juu ya ua wa mtu. Lawama yote inamwangukia mzazi ambaye hakuwapa watoto wake siku ya mlimani.

Kwa hiyo unataka watoto wakae na simu? Swali hili huja mara tu hoja zinapoisha, na jibu lake ni hapana. Nataka waende mlimani kwa kipimo chao. Longonot una sehemu inayofaa familia, nayo ni zile kilomita 3.1 za kwanza na zile 3.1 za kurudi. Familia ianze mapema iwezavyo, ifike ukingoni jua bado likiwa pembeni, iketi, ile chapati, itazame msitu ulio ndani ya kasoko na ziwa lililo nyuma yake, kisha igeuke. Kilele kiachiwe wasio na mtoto mgongoni. Kama mtoto wa miaka 5 amechoka katikati ya kilomita ya pili, siku imeishia hapo na haikuharibika; ukingo haukuwa mtihani wa kitaifa.

Ushauri huo hausikiki sana kwa sababu hauna picha ya mikono juu. Hoteli haiwezi kuutangaza, maana nani atalipia kitanda ili apande nusu ya mlima? Shemeji naye akikubali kwamba nusu ya mlima inatosha, atabaki na nini cha kusimulia? Heri tumwache na hadithi yake, ila tumuulize maswali mawili kila anapoileta mezani: siku ile ulikuwa na watoto wangapi, na maji ya nani uliyabeba wewe?